Tunampima mama tukiwa tumeshachelewa

Mwaka 1995, kati ya kila wajawazito 100 waliopanda mizani kwenye kliniki za Dar es Salaam, waliokuwa na unene uliokithiri hawakufika wanne. Mwaka 2004 walikuwa tisa. Hesabu hiyo ilitoka kwenye rekodi za wanawake zaidi ya 70,000, zilizochambuliwa na Eduardo Villamor na watafiti wenzake na kuchapishwa mwaka 2006: kutoka asilimia 3.6 hadi asilimia 9.1 ndani ya miaka tisa. Na hizo zilikuwa enzi ambazo bodaboda bado hazijaenea jijini, mtu anashuka kwenye daladala na kutembea hadi mlangoni kwake.

Hali haikuishia hapo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2004-05 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Wa 2010 ukakuta asilimia 22, wa 2015-16 asilimia 28. Kwa majirani zetu Kenya, utafiti kama huo wa mwaka 2014 ulitoa asilimia 33, na wa 2022, uliohesabu wanawake wa miaka 20 hadi 49, ukatoa asilimia 45. Hawa ndio wanawake wanaobeba mimba. Nchi ambayo ilizoea kuhesabu watoto waliodumaa na akina mama wenye upungufu wa damu sasa ina mzigo wa pili, na mara nyingi mizigo yote miwili imo ndani ya nyumba moja, wakati mwingine ndani ya mwili mmoja.

Nina jambo moja la kusema, nami nitalirudia hadi lieleweke. Huduma yetu ya afya humwona mwanamke akiwa tayari na mimba, na mara nyingi mimba yenyewe imeshakua. Unene unaomdhuru yeye na mtoto wake umejengeka kabla ya hapo: tangu akiwa binti, na zaidi katika ile miaka kati ya mimba moja na nyingine, ambapo hakuna anayemwuliza habari za mwili wake. Tukishachelewa namna hiyo, tunamgeuzia kibao na kumwambia amejitakia.

Kwanza tuelewane kuhusu kipimo. Unachukua uzito kwa kilo, unaugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu, yaani uwiano wa uzito na urefu, likiwa 25 uzito umezidi, likiwa 30 au zaidi ni unene uliokithiri. Mwanamke wa sentimita 160 hufika 30 akiwa na kilo kama 77. Ni mwanamke wa kawaida kabisa mtaani, ambaye akipita kwenye sherehe ataambiwa amependeza.

Sasa twende tumboni. Mimba yoyote hubadilisha namna mwili unavyotumia sukari. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama, ile inayotoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, isifanye kazi kwa nguvu yake yote, ili sukari ibaki kwenye damu muda mrefu zaidi na mtoto apate mgao wake. Kwa mama ambaye kongosho lake lina akiba, insulini huongezwa na mambo huenda. Lakini mafuta mengi mwilini, hasa ya tumboni, nayo huizuia insulini isifanye kazi. Mama mwenye unene uliokithiri anaingia kwenye mimba akiwa ameshatumia sehemu ya akiba hiyo, kisha mimba inadai zaidi. Kongosho likishindwa kumudu, sukari inapanda. Hicho ndicho kisukari cha mimba.

Daktari mmoja wa Denmark, Jørgen Pedersen, alieleza katika miaka ya 1950 kinachofuata, na maelezo yake bado yanasimama. Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, insulini yake haipiti. Kwa hiyo mtoto hupokea sukari nyingi bila ya kifaa cha kuitumia, na kongosho lake changa hulazimika kutengeneza insulini kwa wingi. Kwa kijusi, insulini ni homoni ya kukuza. Mtoto ananenepa mabega, kifua na tumbo, anazaliwa na kilo nne na ushei. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakatika hapo hapo, ila insulini ya mtoto bado ipo juu. Ndani ya saa chache sukari yake inaweza kushuka mpaka akatetemeka, akalegea au akapata degedege.

Hilo la kutetemeka nimeliona. Mtoto wa kwanza wa dada yangu alizaliwa na kilo 4.7. Simu za pongezi zilimiminika. Shangazi zetu walisema tumepata mtu mzima, mjomba mmoja akataka picha ya miguu peke yake. Usiku ule muuguzi wa zamu, mwanamke mtulivu ambaye sitamsahau, alimwona mtoto anatikisa mikono isivyo kawaida, akampima sukari kisiginoni, akaikuta chini sana. Alimwahi. Baadaye nikauliza: katika miezi yote ya kliniki, sukari ya mama ilipimwa mara ngapi? Haikupimwa hata mara moja. Kadi ilikuwa imejaa maandishi, presha, wingi wa damu, kilo za kila ziara, lakini urefu wake haukuandikwa popote. Bila urefu, kilo 91 ni namba tu, haimwambii mtu kitu.

Sisemi haya kuwalaumu wale wauguzi. Mmoja wao alikuwa akihudumia foleni inayotoka nje ya mlango. Nasema kwa sababu kilo 4.7 katika lugha yetu ni habari njema, na habari njema haichunguzwi.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliowapima wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi tisa, ulionyesha kuwa hakuna mstari ambao chini yake sukari haina madhara. Kadiri sukari ya mama inavyopanda, hata kabla ya kufika kiwango cha kuitwa kisukari, watoto wakubwa kupita kiasi wanaongezeka na upasuaji unaongezeka. Mtoto mkubwa wa mabega anaweza kutoa kichwa kisha bega likakwama nyuma ya mfupa wa nyonga. Mkunga ana dakika chache. Wengine wanatoka na mishipa ya fahamu ya mkono iliyovutwa, mkono unalegea, na wako wasiotoka hai.

Kisha kuna presha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2003 ulikuta kwamba kila uwiano wa uzito na urefu unapoongezeka kwa pointi tano hadi saba, hatari ya kupata hali inayotangulia kifafa cha mimba huongezeka maradufu. Kifafa cha mimba ni miongoni mwa vinavyoongoza kuua akina mama katika nchi zetu, pamoja na kutokwa damu nyingi. Hapa kuna jambo dogo la vifaa ambalo linaniuma. Mkanda wa kupimia presha ukiwa mwembamba kwa mkono mnene, unasoma juu kuliko presha ilivyo. Zahanati nyingi zina mkanda wa saizi moja. Mama mnene anaweza kuambiwa ana presha asiyokuwa nayo, akaanzishiwa dawa au akakimbizwa hospitali ya rufaa, au, hatari zaidi, muuguzi akazoea kusema "kwa huyu ni mkono tu" na siku presha imepanda kweli akaipuuza. Mkanda mpana si kifaa cha anasa.

Kwenye chumba cha upasuaji mambo huwa magumu zaidi: mtaalamu wa ganzi anatafuta nafasi ya uti wa mgongo kwa shida, kidonda kinachelewa kufunga na kinashika maambukizi kwa urahisi, damu huganda kwenye mishipa ya miguu. Hata utepe wa kupimia kimo cha tumbo na picha ya utrasaundi havionyeshi vizuri palipo na mafuta mengi. Haya wakunga wanayajua kuliko mimi.

Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa takwimu za nchi 27 za Afrika kusini mwa Sahara. Watoto wa akina mama wenye unene uliokithiri walikuwa na uwezekano wa kufa katika mwezi wa kwanza uliozidi kwa karibu nusu ukilinganisha na watoto wa akina mama wenye uzito wa wastani, na uhusiano huo ulikuwa mkubwa zaidi katika siku mbili za mwanzo. Siku mbili za mwanzo ni habari ya uzazi wenyewe: uchungu uliorefuka, mtoto aliyekosa hewa, upasuaji uliochelewa. Nchi yenye vyumba vya upasuaji vya kutosha humwokoa mama huyu na mtoto wake kwa gharama. Sisi tunauagiza unene wa nchi tajiri bila vyumba vyao vya upasuaji.

Madhara mengine yanatangulia hata mama kujua ana mimba. Mfereji ambao ndio hugeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga siku ya 28 baada ya mimba kutunga. Usipofunga vizuri, mtoto anazaliwa na mgongo wazi, na wengi wao hupata kichwa kikubwa. Uchambuzi wa mwaka 2008 ulikuta hatari hiyo ni karibu mara 1.7 kwa mama mwenye unene uliokithiri, na inafika mara tatu kwa aliyezidi sana. Ndiyo maana Uingereza, kwa miaka mingi, mwanamke mwenye uwiano wa 30 au zaidi alishauriwa kumeza foliki asidi miligramu 5 kila siku kabla ya kushika mimba, si miligramu 0.4 ya kawaida. Kwetu vidonge vya foliki vinatolewa kliniki. Katika utafiti wa 2015-16, wanawake walioanza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza walikuwa asilimia 24. Kwa hao wengine, vidonge vinapofika mkononi mfereji umeshafunga, au umeshashindwa kufunga, wiki nyingi zilizopita. Tanzania ina kanuni tangu mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye unga unaosagwa viwandani, foliki ikiwemo. Ni hatua njema kweli. Lakini mahindi mengi ya nchi hii husagwa kwenye mashine za mtaani, ambako kanuni hiyo haifiki.

Na usidhani mama mnene ameshiba kila kitu. Mafuta mengi huuweka mwili katika hali ya uvimbe wa ndani usioonekana, ini linatoa kwa wingi homoni iitwayo hepsidini, nayo inazuia madini chuma yasifyonzwe. Mama wa kilo 95 anaweza kuwa na upungufu wa damu kama yule wa kilo 45, ila kwa kumtazama hakuna atakayewaza hivyo.

Mtoto akishazaliwa, tuseme salama, hadithi haijaisha. Kwa muda mrefu watu walisema watoto wa wanene huwa wanene kwa sababu wanakula sufuria moja. Sufuria ina sehemu yake. Lakini wanasayansi walipata njia ya kuitenga. Huko Arizona, Marekani, kwa jamii ya Pima yenye kisukari kingi, watafiti mwaka 2000 walilinganisha ndugu wa mama mmoja: waliozaliwa kabla mama hajapata kisukari na waliozaliwa baada. Sufuria ile ile, nyumba ile ile. Waliozaliwa mama akiwa na kisukari walikuwa wanene zaidi na walipata kisukari zaidi kuliko kaka na dada zao. Kisha Quebec, Kanada, mwaka 2009, jambo kama hilo kwa upande wa pili: akina mama wenye unene mkubwa waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza chakula kinachofyonzwa. Watoto waliozaliwa baada ya upasuaji walikuwa na unene mkubwa kwa theluthi tu ya kiwango cha ndugu zao waliotangulia. Sijui ushahidi unaonigusa kuliko huo. Unasema tumbo la mama ni nchi ya kwanza ya mtoto, na hali ya hewa ya nchi hiyo inaweza kubadilika.

Tena kuna mzunguko ambao kwetu una uchungu wake. Mwingereza David Barker alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba waliozaliwa wadogo ndio waliokuja kupata magonjwa ya moyo zaidi ukubwani. Huko Pune, India, Chittaranjan Yajnik na wenzake wakakuta watoto wa kilo 2.7 ambao, pamoja na udogo wao wote, wana mafuta mengi kuliko misuli. Mwili uliojengwa kwa njaa hujifunza kuweka akiba. Sasa mchukue binti aliyezaliwa kijijini na mama aliyelima hadi siku ya uchungu, akadumaa utotoni, akaja mjini na miaka 18. Anauza duka kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, ameketi. Mkaa ni ghali na muda hana, kwa hiyo jioni ni chipsi mayai na soda, asubuhi ni maandazi na chai yenye sukari nyingi. Papai zuri linamgharimu kuliko maandazi matatu. Mwili wake unafanya kile ulichofundishwa: unaweka akiba. Miaka mitano baadaye ana mimba. Atakayemwambia ni mlafi hajui anachokisema.

Nikifika kwenye mila naenda taratibu, maana ni zetu na nazipenda. Bibi arusi akiongezeka baada ya ndoa tunasema ndoa imemkubali, mume anamtunza. Akipungua, majirani wanauliza kulikoni. Na kwa waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1990, kukonda kulikuwa na maana moja ya kutisha. Tulizika watu waliokonda. Mtu aliyeamua kupunguza uzito alilazimika kujieleza kwamba haumwi UKIMWI, na wengi waliona heri kubaki wanene kuliko kunong'onwa. Hofu ile bado imo ndani ya mama zetu, ndio leo wanaowapikia binti zao.

Mimba ikija, mwanamke anaambiwa ale kwa ajili ya wawili. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa mwaka 2009 viwango ambavyo hadi leo vinatumika kwingi duniani: mama mwembamba aongezeke kilo 12.5 hadi 18 katika mimba nzima, wa wastani 11.5 hadi 16, na mwenye unene uliokithiri 5 hadi 9. Mwili wake una akiba ya kutosha, anachohitaji kuongeza ni ubora wa mlo: mboga za majani, maharage, dagaa, mayai, matunda. Si kujinyima, na mimba si wakati wa kufanya dayati ya kukonda. Hilo nalo lina hatari zake kwa mtoto. Lakini wangapi wamewahi kuambiwa namba hizo? Mama wa kilo 50 na mama wa kilo 100 wanapewa ushauri mmoja: kula vizuri, kula mara nyingi.

Halafu arobaini. Uji wa pilipili manga, mtori, supu, ugali laini wa moto, mama amelala, mama mkwe anahesabu sahani. Arobaini ni moja ya vitu vizuri tulivyonavyo. Nchi nyingi zimeacha wanawake waliojifungua wahangaike peke yao wiki ya pili. Sitaki kuigusa kwa kuibeza. Ila tulipoirithi, ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa akirudi shambani baada ya siku arobaini. Leo anarudi kwenye kiti. Kilo za mimba zinabaki, mimba inayofuata inazikuta, inaongeza zake.

Hapo ndipo kiini. Yule yule Villamor wa takwimu za Dar es Salaam, akiwa na Sven Cnattingius, alichapisha mwaka huo huo wa 2006 uchambuzi wa wanawake 151,025 wa Sweden waliozaa mtoto wa kwanza na wa pili. Walioongezeka pointi tatu au zaidi kati ya mimba hizo mbili, yaani kama kilo nane kwa mwanamke wa sentimita 160, walikuwa na hatari ya kisukari cha mimba mara mbili ya wale ambao uzito wao haukubadilika. Dalili za awali za kifafa cha mimba ziliongezeka kwa zaidi ya robo tatu, watoto kufia tumboni kwa zaidi ya nusu. Na madhara yalionekana hata kwa ambao hawakuwa wanene, ilimradi wameongezeka. Kilo nane kati ya mtoto na mtoto! Nani kwetu anaziona hizo kuwa jambo la kwenda nalo hospitali?

Kama mtu atasema basi tuwabane wakiwa wajawazito, limejaribiwa. Adelaide, Australia, wanawake zaidi ya 2,200 wenye uzito uliozidi waligawanywa makundi, nusu wakapewa ushauri wa chakula na mazoezi wakati wa mimba. Matokeo ya 2014: watoto wa zaidi ya kilo nne walipungua kiasi, lakini watoto wakubwa kuliko umri wao wa mimba hawakupungua. Uingereza, wanawake 1,555, matokeo ya 2015: kisukari cha mimba hakikupungua. Wakajaribu kidonge cha metformini, dawa ya kisukari, kwa wajawazito wanene wasio na kisukari, uzito wa watoto ukabaki vile vile. Hawa ni watu waliokuwa na wataalamu wa lishe, simu za kufuatilia, fedha. Walianza katikati ya mimba, na katikati ya mimba ni kuchelewa. Ndiyo maana sasa Shirika la Afya Duniani limeshirikiana na Afrika Kusini, India, China na Kanada katika mradi wa kuwafuata wanawake kabla hawajashika mimba. Kwa Afrika Kusini ni wasichana wa Soweto.

Sisi hatuhitaji kusubiri Soweto. Hebu tuhesabu ziara za chanjo. Mtoto wa Tanzania hupelekwa kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18, achilia mbali ile ya kupimwa uzito kila mwezi. Mara tano za uhakika, mama na mtoto, kwenye jengo lenye muuguzi na mizani. Wiki ya sita ndiyo wakati ambao mama aliyekuwa na kisukari cha mimba anatakiwa apimwe tena sukari, kwa sababu hatari yake ya kupata kisukari cha kudumu ni mara saba au zaidi ya mwenzake. Mwaka na nusu ule ndio wenye kilo nane za Sweden. Ndio wenye mazungumzo ya uzazi wa mpango pia, na nafasi ya miaka miwili na zaidi kabla ya mimba nyingine inampa mama muda wa kurudi kwenye mwili wake.

Na ndio wakati wa kunyonyesha, jambo linalohitaji msaada zaidi kwa mama mnene, si pungufu. Maziwa yake mara nyingi huchelewa kushuka, na akina mama wengi hukata tamaa siku ya tatu, bibi akashauri maziwa ya kopo. Akishikwa mkono siku zile chache, maziwa yanakuja.

Kuhusu wanaume, kwa ufupi. Mume ndiye mara nyingi anayeleta chipsi usiku kwenye mfuko, na ndiye ambaye neno lake "umenenepa" huvunja na neno lake "twende tukatembee" hujenga. Na kuhusu lugha ya vyumba vya huduma: nimewahi kusikia mjamzito akiitwa bonge mbele ya foleni, wakacheka. Mwanamke aliyechekwa hivyo hukaa nyumbani hadi mwezi wa saba. Hakuna dawa itakayofidia ziara alizozikosa.

Dada yangu alipata mimba ya pili miaka mitatu baada ya ile ya kilo 4.7. Alikuwa ameongezeka kilo 11. Safari hii kisukari kiligunduliwa mapema, kwa sababu alikiuliza yeye mwenyewe. Kati ya watoto hao wawili alikwenda kliniki ya mtoto, kwa hesabu yetu tukiwa tumekaa na kadi mezani, mara 23. Kila mara mtoto alitundikwa kwenye ile mizani ya kuning'inia, nukta ikawekwa kwenye mchoro, mama akaambiwa anaendelea vizuri, yaani mtoto. Mizani ya watu wazima ilikuwa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi.